Mkono Wangu Zizini kwa Mzee Elifasi

Tuliokuwepo ni hawa: mzee Elifasi mwenye ng'ombe, mkewe mama Ndeshi, baba yangu Anaeli, ambaye shamba lake lilipakana na la Elifasi na walikuwa hawasalimiani, mama yangu Nanyori, na mimi, mtoto ambaye hata kipaimara bado.

Nimewakumbuka wote jana, bwana mifugo alipokuja kwa mwanangu hapa Akheri. Siku hizi za biashara huria bwana mifugo ana duka lake la dawa mjini, anakuja na pikipiki, na kabla hajamgusa ng'ombe anavaa glavu ya nailoni inayofika begani. Alipokuwa anaivuta ile glavu, mkono wangu wa kulia ukaingia baridi. Mwanangu akaniuliza, mama unaumwa? Nikamwambia hapana, nakumbuka tu.

Siku ile ilikuwa asubuhi, tunamenya ndizi. Wakati huo mzee Elifasi alikuwa ametuzibia mfereji, maji yanaishia kwake, migomba yetu inakunja majani, na mimi na mama tunashuka mtoni na vibuyu. Mara tukamwona mama Ndeshi amesimama nyuma ya mimea ya masale iliyopandwa mpakani, havuki. Akasema mtamba wao anahangaika kuzaa tangu jana, mguu wa ndama umejikunja ndani, binti yao Ndeshi ameshaolewa Kikwe, na mikono iliyobaki pale kwao yote ni mikubwa. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nilikimbilia jikoni. Harufu ya zizi niliichukia, lakini hofu ilizidi harufu. Yule mtamba akifa mkono wangu ukiwa ndani, Elifasi atasema tumemuua makusudi kwa ajili ya maji, na mfereji hautafunguliwa tena. Nikamwambia baba hivyo hivyo. Nilidhani atanitetea, maana hata jina la Elifasi lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu. Baba akasema, "Sikuulizi kama unapenda. Hata mimi sipendi. Yesu hakusema tuwapende wanaotufungulia maji. Twende."

Mama akanipaka samli mpaka kwapani. Mzee Elifasi aliponiona akasema, "Anaeli, ndiye huyu? Huyu hata kuku anamshinda." Baba akaenda kumshika mtamba pembe.

Sasa nikueleze vipi? Ndani kulikuwa na joto la kutisha, na kila mtamba alipojikaza mkono ulibanwa kama umefungiwa mlango. Nikautoa, nikatapika pembeni, nikarudi. Mama alikuwa nyuma yangu ananong'ona Baba Yetu, akifika mwisho anaanza upya. Nikaipata kwato. Mama akaniambia niifunike kwa kiganja isimchane ng'ombe, niivute taratibu. Nilikuwa nalia waziwazi. Ikaja.

Ndama alitoka hana uhai. Nilimtazama Elifasi, nikisubiri aseme tumemuua. Mtamba akajiinua, akayumba, akasimama. Ndipo yule mzee akachukua chungu cha maji, akapiga magoti kwenye samadi, akaanza kuniosha mkono, kidole kimoja kimoja, mpaka begani. Mzee yule yule aliyekuwa haitikii shikamoo yangu. Maji yenyewe yalikuwa ya mfereji. Baadaye yalirudi kupita kwetu, sikumbuki ni lini, na hakuna aliyeyazungumzia.

Leo masale yale yameng'olewa, wajukuu wa Elifasi wameweka seng'enge. Mfereji umefukiwa, juu yake zimepandwa nyanya za kupeleka sokoni mjini. Sisemi ni vibaya. Ng'ombe wa mwanangu amepona. Ila nilimwangalia bwana mifugo akiivua glavu, akaitupa, mkono wake mkavu, akawasha pikipiki akaenda. Hakuna aliyemwosha.

Kama nimekosea, na Ndeshi wa Kikwe bado yupo, anisahihishe kwa yale aliyosimuliwa na mama yake. Labda ndama alikuwa jike, mimi nasema dume. Labda kile chungu kilikuwa ndoo. Lakini kuhusu nani alipiga magoti, hapo aniache.