Kichwa Mkiani: Mfunga Plasta na Dinosaria wa Makaroni

Saa nne asubuhi, harufu ya dawa ya kudekia bado imetanda katika wodi ya watoto. Mwanamume mwenye kipara, aproni yake imetapakaa unga mweupe, anamwaga makaroni mezani. Watoto saba, wengine mikono imening'inizwa shingoni, wengine kwenye viti vya magurudumu, wanayagombania.

"Hizi ni mbavu," anawaonya. "Atakayezila, dinosaria wake atapumua kwa taabu."

Kazi yake hasa ni kuwafunga plasta waliovunjika, na ameifanya miaka ishirini na miwili. Hapa wanamwita Fundi Mifupa. Lakini kila Jumatano, saa yake ya mapumziko, hapumziki ng'o. Anaunda mifupa ya dinosaria pamoja na watoto: vijiti vya pamba za masikio ndiyo miguu, makaroni ndiyo mbavu, na kichwa hufinyangwa kwa plasta iliyobaki. Halipwi kwa hilo, na gundi ananunua mwenyewe.

Alianza miaka mitatu iliyopita, mtoto mmoja alipomuuliza kama mfupa ukishavunjika hutupwa. Fundi alieleza mpaka jasho likamtoka, wapi. Ndipo akavunja kijiti cha pamba, akakifunga plasta, akamwambia asubiri kesho yake aone. Kilipokauka kikawa kigumu kuliko mwanzo, na mtoto akataka waunde dinosaria mzima.

Shida ni kwamba mwili wa binadamu anaujua nje ndani, ila dinosaria hana habari naye. Watoto ndio humsahihisha. Aliwahi kumpa mmoja miguu mitano, wakamcheka wiki nzima.

Leo macho yake hayambanduki binti wa miaka sita ambaye wauguzi wamembatiza Bi Mkubwa, maana anaamrisha wodi nzima. Plasta ya paja lake ilifunguliwa siku tano zilizopita na picha inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Daktari anataka atembee, la sivyo goti litakakamaa. Bi Mkubwa kagoma. Anasema mguu utakatika tena, basi.

Mama yake, fundi cherehani, amebembeleza, amefoka, ameahidi hadi viatu vipya. "Roho inaniuma," anasema. "Namsikia akiubembeleza mguu wake kama kitoto kichanga."

Dinosaria wa Bi Mkubwa amekamilika, bado kichwa tu. Fundi anambeba dinosaria huyo hadi dirishani kwenye jua, anakipachika kichwa, anamwacha hapo akauke, anarudi kifua mbele.

Bi Mkubwa anakodoa macho. "Babu, umemwekea kichwa mkiani."

Fundi anageuka, anatazama, anakuna kipara. Anajitetea kwamba huenda huyu alikuwa akitembea kinyumenyume. Wodi inaangua kicheko, isipokuwa Bi Mkubwa, ambaye amekasirika kweli kweli. Anashika ukingo wa meza, anasimama. Anatua mguu mmoja, kisha ule mwingine, anachechemea hadi dirishani huku akilalamika kwamba watu wazima hawaachiwi kazi. Anang'oa kichwa, anakirudisha kinakostahili.

Hapo ndipo anapotambua yuko wapi. Anautazama mguu, kisha anamtazama mama yake, ambaye amejiziba mdomo kwa viganja na machozi yanamtiririka.

"Mama, haujavunjika," anasema taratibu.

Muuguzi wa zamu anaapa kwamba Fundi alifanya makusudi. Mwenyewe anakana katakata. "Miaka mitatu nakosea, leo ndiyo mnaniona mjanja?"

Sasa amekubaliwa ombi lake la kupewa ukuta wa korido, hatua arobaini kutoka wodini hadi mlango wa kutokea. Anataka kubandika dinosaria mmoja mrefu, mkia uanzie wodini. Kila atakayefunguliwa plasta ya mguu atapewa mfupa, aupeleke kwa miguu yake hadi pale wenzake walipoishia, aubandike. Wa kwanza ni Bi Mkubwa, anayeruhusiwa Ijumaa.

"Kichwa kitakaa pale mlangoni kabisa," Fundi anasema, akifuta gundi vidoleni. "Atakayefika kukibandika asigeuke nyuma. Aunganishe tu safari, aende kwao."