Kanzu ya Rehani

Usiku kucha Tatu alikaa mkekani na simu mapajani, akisubiri neno kutoka Handeni. Mwanaisha, mke wa shemeji yake Rehani, alikuwa ameahidi: "Nikishazungumza na mume wangu tu, nakupigia, dada." Hakupiga. Maryamu, binti wa Tatu, alitoka tena kwenda chooni akinyata, asimwamshe mama ambaye hata hakuwa amelala. Alfajiri ujumbe ukaingia: "Amekataa kupimwa damu. Anasema tusimtie aibu."

"Aibu!" Tatu aliiambia simu. "Mtoto anatoka damu chooni, yeye ana aibu!"

Marehemu mumewe, Zaidi, aliondoka na saratani ya utumbo, na ukoo ukasema katupiwa jini. Sasa mdogo wake Rehani, mwalimu wa madrasa, amekutwa na saratani ya ini. Watu wakasema ini ni ugonjwa wa walevi. Mtu asiyewahi kuonja hata togwa lililochacha akajifungia ndani. Utumbo wa huyu, ini la yule. Kwa ukoo, hayo yalikuwa mambo mawili yasiyojuana.

Daktari wa Korogwe alisema vingine. Mtoto hurithi vinasaba kwa wazazi, na vinasaba ndivyo vinavyoiambia kila chembe ya mwili ikue vipi na ikome wapi. Kuna kasoro, alisema, zinazoonekana kwenye saratani ya utumbo na kwenye ya ini pia.

"Sisemi ndivyo ilivyo kwenu, mama. Ini lina sababu zake nyingi, homa ya ini ni mojawapo. Maryamu tumchunguze utumbo mapema. Ila kujua kama kuna kitu cha ukoo, ni vizuri kuanza na damu ya anayeumwa. Baba yake hayupo. Amebaki baba mdogo."

Maryamu naye akapata pa kujifichia. "Kama Baba Mdogo, mwanamume mzima, anaogopa, mimi ni nani? Akienda yeye, nakwenda."

Tatu alikuwa ameshamtuma wifi yake, dada wa Rehani, akarudi mikono mitupu. Akamwendea mzee wa ukoo. Mzee akamwambia mjane asichokoe makaburi. Wote walimwona msumbufu. Asubuhi ile ya ujumbe wa Mwanaisha akamfuata Dorkasi, Msambaa wa Kwashemshi anayeuza magimbi sokoni Korogwe, mtani wa ukoo ule wa Kizigua tangu enzi za mababu. Kwenye msiba wa Zaidi, Dorkasi alivaa kofia ya marehemu akaiga mwendo wake, waliokuwa wakilia wakacheka. Mtani hakasirikiwi. Wakapanda basi la Handeni.

Mlango wa Rehani ulikuwa na komeo kwa ndani.

"We Mzigua!" Dorkasi alipiga ubao. "Umejifungia unakula kuku peke yako?"

Akatega sikio mlangoni.

"Kama umeshakufa sema, nianze kazi yangu!"

Mwanaisha, aliyekuwa akiosha vyombo uani, akaziba mdomo kwa kanga.

Tatu akashindwa kuvumilia. "Shemeji, Maryamu ni mwanao. Anatoka damu na hataki kupimwa mpaka wewe utangulie. Nimechoka kubembeleza mbao!"

Tatu akageuka, machozi ya hasira yakimtoka. Lakini Dorkasi alikuwa ameiona kanzu nyeupe kwenye kamba. Akaichukua, akaivaa juu ya gauni, akaweka mikono nyuma na kukohoa kidogo kila hatua, kama Rehani akienda madrasa. Majirani wakajaa uani wakicheka.

"Leo naizika kanzu hii," Dorkasi akatangaza. "Mwenyewe akiitaka, aifuate hospitali ya Korogwe!"

"Vua kanzu yangu, Msambaa wee!" Sauti ilitoka ndani, nyembamba lakini kali. "Utanijazia udongo wa magimbi!"

"Maiti gani hii inayopiga kelele? Mimi ndiyo naondoka nayo!" Akashika njia ya stendi kweli, kanzu ikiburuza vumbi.

Tatu hakumfuata. Alibaki ameukazia macho mlango. Kisha komeo likakwaruza.

Rehani alisimama akishikilia mwimo wa mlango, amekonda, macho ya manjano. Hakuwatazama majirani.

"Maryamu yuko wapi, shemeji?"

"Nyumbani. Anakungoja wewe." Tatu alitaka kushukuru, ikatoka hasira: "Siku zote hizi anakungoja wewe!"

Rehani akainamisha kichwa. Akaitazama kanzu yake inavyotokomea njiani.

"Mwanaisha," akasema, "niletee viatu."