Kuku wa Mguu wa Mwanangu Ameliwa, na Lawama Zote Ni Zangu

Ndugu mhariri, pamoja nanyi wasomaji wa ukurasa huu mlio maelfu, nawaamkia. Jina langu lifiche sana, maana gazeti hili husomwa kwa sauti kwenye duka la kijijini kwetu, na shemeji yangu hukaa papo hapo akinywa kahawa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, dobi katika hoteli moja ya Diani. Kwetu ni upande wa Samburu, hii ya huku huku pwani, lakini nimeoa kwa Wadigo, karibu na Msambweni, na nimejenga huko huko ukweni. Kazi yanifanya nirudi nyumbani mara moja kwa juma. Tuna mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita. Nitamwita Mwanasha, ingawa silo jina lake.

Mwanasha alipanda mkorosho kufuata mabibo, akaanguka, akavunjika mguu chini ya goti. Nilimbeba mwenyewe mpaka hospitali. Daktari akaunyoosha, akaufunga plasta, akaniambia plasta ile isiguswe na mtu. Nikarudi kazini moyo umetulia. Kumbe nimejidanganya.

Kwa watu wa mke wangu, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Desturi hiyo niliikuta na niliikubali nilipooa, siwezi kusema sikuijua. Lakini sikudhani itafika kwenye mfupa. Niliporudi juma lililofuata, plasta haipo. Shemeji, ndiye huyo mjomba wake, alikuwa ameilowesha kwa maji akaibandua, akamleta mzee mmoja wa kuunga mifupa. Nilipouliza, alinijibu akicheka, "Shemeji, Wazungu wamekwenda zao, Uhuru tumepata, nawe ungali wamfunga mtoto chokaa yao?"

Kwa wasioijua dawa hii, nitaieleza. Mtoto hufungwa majani na vijiti, kisha kuku naye huvunjwa mguu makusudi, akafungwa dawa ile ile kwa kitambaa. Kuku akikanyaga chini, mtoto naye hufunguliwa. Basi nyumba yangu ikageuka nyumba ya kuku. Alifungwa kamba kwenye nguzo ya jikoni, akalishwa wali na nazi iliyokunwa, na mimi baba wa mtoto nikaambiwa nisiseme kwa ukali, nisije nikamshtua kuku. Mgeni wa ukweni hana sauti.

Siku moja nikiwa kazini, baba yangu mzazi alitoka Samburu na mdogo wangu wa kike kuja kumpa mjukuu pole. Mke wangu alikuwa shamba, Mwanasha amelala. Wakamkuta kuku amefungwa kamba, mbele yake wali na nazi. Sasa nyinyi niambieni, kuku aliyefungwa na kunoneshwa namna ile si wa mgeni ni wa nani? Baba akafurahi, akasema, "Mkwe wangu ana adabu, ametuwekea kitoweo." Kile kitambaa cha mguuni mdogo wangu alikidhania ni alama tu, kama watu wanavyotia kuku wao alama wasichanganyike na wa jirani. Baba akachinja, mdogo wangu akapika. Mwanasha alipoamka akapewa ini, kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa.

Mke wangu aliporudi na kuona manyoya, alipiga ukelele uliowatoa majirani. Shemeji akaja mbio. Hata salamu hakumpa baba yangu, mzee mwenye mvi, akamwambia mbele ya watu, "Mmeula mguu wa mtoto wetu!" Baba aliondoka jioni ile ile bila kuaga, na mpaka leo hajaniletea salamu. Hilo laniuma, nisiwafiche.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu, nikamweleza. Hakunitukana, ingawa nilistahili. Alisema mfupa ule ukiachwa hivyo utaungana umepinda, na mtoto atachechemea maisha yake yote. Nimlete upesi aunyooshe upya, kabla haujakaza. Kwa upande wao, shemeji naye anasema tuanze upya: kuku mwingine, vijiti vingine, mara tu yule mzee wa mifupa atakaporudi kutoka Tanga. Atarudi lini, hakuna ajuaye. Siku zinakwenda, na kila nikifika naona ule mguu unazidi kwenda upande.

Nilimwambia mke wangu, "Mama Mwanasha, kesho nampeleka hospitali." Alilia, kisha akasema, "Baba Mwanasha, ukimpeleka bila ya neno la kaka, mimi na mtoto tutahamia kwake, na wewe utafute pa kukaa, maana kiwanja hiki ni cha kwetu. Akipona nitashukuru. Asipopona, nitawaambia nini watu wetu?" Si mwanamke mbaya. Naye anaogopa kama mimi, ila kila mmoja anaogopa upande wake. Hasira zangu ni kwamba watu wazima tunagombania nani mwenye mtoto, na hakuna anayeutazama mguu.

Juzi nilimkuta Mwanasha amekaa mkekani, nikamwambia ajaribu kusogea kidogo kwa makalio aje kwangu. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kuku wangu nimemla mwenyewe. Sasa nani atatembea kwanza?"

Nimelibeba swali lake mpaka kazini, napiga pasi shuka za watu huku machozi yananitoka. Nikimchukua mwanangu nitaivunja nyumba yangu. Nikimwacha, nitamtazama akichechemea mpaka siku atakayoolewa, naye atajua nilikuwapo. Wenzangu mliolea, hasa mliojenga ukweni kwa watu, nipeni shauri, na mnipe upesi. Nifanye nini?