Ukuta Wenye Mimba

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa fundi chokaa wa ngome kuukuu pale mjini kwetu. Sikio lake, wajukuu zangu, lilisikia sisimizi akikohoa. Nikidanganya, meno yaning'oke, nami yamenibaki mawili tu.

Kila asubuhi alilibandika sikio hilo ukutani. "Ukuta wa mawe unapumua," alisema. "Upake chokaa, utapumua. Upake saruji, umeuziba pua."

Ofisi iliyosimamia ngome haikuwa na masikio. Miaka kumi haikuleta hata ndoo ya chokaa; kisha ikaleta saruji, mnara wa ngome ukapakwa ukang'aa kama bibi harusi. Mvua mbili tu, ukaota tumbo. Na chini ya tumbo hilo ndipo kilipokuwa chumba cha tiketi, alimokaa mdogo wangu kutwa nzima.

Sasa, mafundi wa pale, ukuta ukivimba, husema una mimba. Basi shemeji akampigia karani wa ofisi ile simu: "Mnara una mimba, na miezi imetimia!"

Karani akacheka mpaka akapaliwa. "Hongera, fundi! Baba ni nani?" Akakata.

Shemeji akarudi mnarani, nami siku hiyo nilikuwa pale nimemletea mdogo wangu chakula, uso wake wa majivu. Ndani ya ukuta mchanga ulikuwa ukitiririka, shiii, shiii, bila kukoma. Hata mimi na masikio yangu ya mapambo niliusikia.

"Mke wangu, toka humo."

"Nitoke niende wapi? Bosi kasema nisibanduke. Wewe na kuta zako! Ungenisikiliza mimi hivyo, si ningekuwa malkia?"

"Nakuomba, mama watoto."

"Hebu niache nifanye kazi."

Mchanga ukanyamaza ghafla. Shemeji akanitazama, nikajua kimya hicho ni kibaya kuliko ile sauti. Akapiga ukelele: "Nyoka! Miguuni kwako!"

Mdogo wangu alichomoka na kiatu kimoja, akavuka ngazi saba bila kukanyaga hata moja. Nyuma yake mnara ukajifungua. Vumbi likala jua.

Lilipotua, shemeji alikuwa amemkamata mkewe mabegani.

"Mle ndani ulikuwa peke yako?"

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa vumbi.

"Peke yako?"

Akaitikia tena. Na bado shemeji akamuuliza mara ya tatu, macho yake yakiwa kwenye kifusi, na lile sikio lake amelitega huko kana kwamba anasikia mtu chini yake.