Kivuko Kilichokuwa Kikishughulikiwa

Kwa miaka ishirini na miwili shangazi yangu aliketi kwenye kiti kilekile, kushoto kwa mwenyekiti, akiandika yaliyosemwa na watu wengine. Baraza la mji lilikuwa na kamati ya barabara, na kamati ilikuwa na madiwani saba, mhandisi mmoja, birika la chai lenye kifuniko kilichofungwa kwa uzi, na yeye. Madiwani walibadilika kila uchaguzi. Birika lilibadilishwa mara mbili. Yeye alibaki.

Ofisini walimwita Mama Yatokanayo, kwa sababu ya kile kipengele cha kikao ambamo mambo yaliyobaki mara iliyopita huulizwa tena. Alikuwa akikisoma kwa sauti ya chini isiyo na haraka, kama mtu anayeita majina ya wagonjwa mlangoni. Mwandiko wake ulisimama wima, herufi moja nyuma ya nyingine, mithili ya foleni ya watu wasiosukumana. Na alikuwa na kipaji kimoja ambacho wote walikitegemea bila kukitaja: aliweza kuyavalisha nguo maneno ya watu. Madiwani waligombana nusu saa, wakatupiana maneno usiyoweza kuyarudia mbele ya mkweo, naye akaandika, "Wajumbe walibadilishana mawazo." Diwani mmoja alisinzia hadi akaangusha miwani, na muhtasari ukasema alisikiliza kwa utulivu.

Katika vazi hilo la maneno, neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "linashughulikiwa". Alilitunga zamani, chini ya mwenyekiti wa kwanza, siku mzee yule alipofunga jalada na kusema, "Hili la kivuko tuachane nalo kwanza, nina njaa." Kalamu ya shangazi ilisita kidogo, kisha ikaandika, "Suala la kivuko linashughulikiwa." Mwenyekiti alisoma, akatabasamu. Tangu siku hiyo hakuna jambo lililolala katika mji ule. Yote yalikuwa yakishughulikiwa.

Kivuko chenyewe, cha waenda kwa miguu, kilikuwa kimeombwa mbele ya nyumba yetu. Nasema yetu, ingawa ni ya mama yake, yaani bibi yangu, aliyeishi humo na shangazi baada ya sisi wengine kutawanyika. Barabara kuu ilipita mbele ya baraza ya nyumba, na ng'ambo yake kulikuwa na zahanati. Ukikaa barazani kwa bibi uliweza kuona, kupitia dirisha la zahanati, saa yao ya ukutani na kujua wamechelewa kufungua kwa dakika ngapi. Kila Jumanne bibi alitakiwa kwenda kupimwa presha. Malori yalishuka pale kutoka mlimani yakiwa na mizigo na hasira, moja baada ya jingine, na hapakuwa na mstari, tuta wala kibao. Basi bibi alipakiwa kwenye pikipiki, ikazunguka hadi kwenye mzunguko wa magari na kurudi upande wa pili, ili avushwe barabara anayoweza kuirushia kijiwe.

Jumanne moja pikipiki haikuja. Bibi alingoja, akaitazama ile saa ya zahanati, kisha akashuka ngazi peke yake. Alifika katikati. Hapo alikwama, malori mbele, malori nyuma, upepo wao ukimvuta nguo huku na huku, hata dereva mmoja alipopunguza mwendo akapata nafasi ya kurudi. Alirudi na kiatu kimoja. Kile kingine jirani alikiokota jioni, kimebapa kama karatasi.

Shangazi aliporudi kutoka kazini alikikuta mezani, kimewekwa juu ya gazeti.

"Wewe si ndiye unayeandika mambo ya barabara?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kesho njoo na hilo buku lako. Unisomee walichosema kuhusu ya kwangu."

Shangazi alikuja nalo. Hakuwa na mazoea ya kumbishia mama yake, na nadhani pia alijivunia kidogo. Hakuna aliyewahi kumwomba amsomee kazi yake. Aliketi kwenye mkeka akaanza miaka kumi na mmoja nyuma, buku lile lilipoanzia. Machi: suala la kivuko linashughulikiwa. Aprili: linashughulikiwa. Mei: suala hili linaendelea kushughulikiwa kwa karibu. Alisoma kurasa tisa kabla bibi hajainua mkono.

"Linashughulikiwa na nani?"

Shangazi alifunua ukurasa mwingine.

"Nakuuliza wewe uliyeandika. Na mhandisi?"

"Mhandisi alichora mara tatu, mama. Michoro iko kabatini."

"Na mwenyekiti?"

"Hapana."

"Sasa nani alisema linashughulikiwa?"

Aliniambia baadaye kwamba kabla ya kujibu alikiangalia kile kiatu, akaona alama za tairi zimejichora juu ya ngozi, nadhifu, zimenyooka, kama mwandiko wake. "Mimi," alisema. "Nilisema mimi."

Bibi hakumfokea. Alimwambia tu alifunge buku, chakula kinapoa.

Watu wengi, wakishajua ubaya wao ulipolala, huutandikia kitanda. Shangazi aliingia chumbani akatoa chini ya nguo zake kitabu chembamba cha kanuni za baraza. Alizijua kwa sababu alizipiga chapa yeye mwenyewe, mwaka mchwa walipokula nakala za zamani. Kanuni ya arobaini na moja ilisema kwamba jambo likiahirishwa vikao vitatu mfululizo, kikao kinachofuata kitafanyikia mahali jambo lenyewe lilipo, wala hakitafungwa hadi uamuzi utolewe. Katika miaka ishirini na miwili haikuwahi kutumika. Ingetumikaje? Hakuna kilichowahi kuahirishwa. Yote yalikuwa yakishughulikiwa, kwa mkono wake.

Kikao kilichofuata, walipofika kwenye kivuko, mwenyekiti alipangusa jasho. Alikuwa muuza mbao wa zamani, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa mzaha, asiye mbaya. "Jamani, la kivuko tuliahirishe," alisema. "Chai inapoa." Shangazi aliandika, "Mwenyekiti alisema suala la kivuko liahirishwe kwa kuwa chai ilikuwa inapoa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika ukweli mdogo namna hiyo.

Ilikuwa kawaida yao kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita bila kuusoma. Ulipitishwa mezani, mwenyekiti akauliza kama uko sawa, wakaitikia kwa midomo iliyojaa, akasaini. Mwezi wa kwanza hakuna aliyegundua. Mwezi wa pili ulipita hivyo hivyo. Mwezi wa tatu mhandisi, mtu mpole aliyezoea kusoma hata maandishi ya kiberiti, alishika karatasi muda mrefu kuliko kawaida. Alimtazama shangazi juu ya miwani. Shangazi aliangalia birika.

"Kuna tatizo, mhandisi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna, mheshimiwa. Sijaona muhtasari ulio sahihi kama huu."

Mwenyekiti akasaini.

Mwezi wa nne, waliposomewa yatokanayo, shangazi aliinua mkono. Chumba kizima kilimgeukia kama vile kabati limekohoa.

"Mama, unataka chai?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nataka kukumbusha kanuni." Akaisoma. Kisha akasogeza mbele ya mwenyekiti kurasa tatu, kila moja imefunguliwa penye sahihi.

Mwenyekiti alisoma polepole. "Chai ilikuwa inapoa," alisoma kwa sauti. Akafunua. "Wajumbe walikuwa na haraka ya kwenda msibani kwa mtu waliyekuwa hawamjui vizuri." Akafunua tena, na ile ya tatu hakuisoma kwa sauti. "Haya nilisaini mimi?"

"Mara tatu."

Diwani wa sokoni, mama mwenye kicheko kisichojua adabu za ukumbini, alicheka hadi akashika meza.

"Unajua," mwenyekiti alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "ofisi ya makaburi haina mwandishi tangu mwaka jana. Naweza kukupeleka huko kesho."

"Najua, mheshimiwa. Barua ya kuomba mwandishi niliiandika mimi." Alichukua kalamu. "Nipeleke. Ila Alhamisi kikao ni barabarani. Na mimi ndiye nitakayeandika."

Nje, fundi alikuwa akigonga bati. Mhandisi alisema kwa unyenyekevu kwamba kwa kadiri anavyoelewa kanuni, mwandishi yuko sahihi, na diwani wa sokoni akaongeza kwamba yeye angependa kuona mwenyekiti wake akitembea kwa miguu.

Alhamisi saa nne asubuhi tarishi, kwa maelekezo ya shangazi, alipanga viti tisa na meza barazani kwa bibi. Gari la baraza liliwashusha wajumbe kwenye zahanati, kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa na pa kuegesha. Kati yao na viti vyao kulikuwa na barabara. Akidi ilikuwa wajumbe wanne, na mwenyekiti lazima awe mmojawapo. Kabla ya hapo kikao hakikuwa kikao.

Shangazi alikuwa ameshakaa barazani, kalamu mkononi. Bibi alikuwa kando yake, amevaa nguo zake za kutokea, nami mlangoni nyuma yao.

Diwani wa sokoni alivua viatu akavuka mbio, akipiga kelele kama anayefukuzwa na nyuki. Mhandisi alivuka kwa hesabu, hatua tatu, kusimama, hatua nne. Wengine walibaki ng'ambo wamejipanga ukingoni, suti zao zikipigwa vumbi. Mwenyekiti aliinua jalada lake kusimamisha lori. Lori lilimpigia honi, likapita. Aliinua tena kwa mikono miwili. Alishuka lami hatua moja, akarudi hatua mbili. Kupitia dirisha, saa ya zahanati ilionyesha saa nne na dakika saba. Ikaonyesha dakika kumi na mbili. Shangazi aliandika kila dakika.

Dakika ya kumi na tisa mwenyekiti alikuwa amelowa shati lote. Akapaza sauti kuvuka barabara, "Mama, tuanze tu, mimi nitafuatilia kutoka huku."

Ndipo bibi alipoinuka, akashika nguzo ya baraza, na kwa sauti ambayo sikujua bado anayo akamjibu, "Tulia, mheshimiwa. Unashughulikiwa."

Hata madiwani waliokuwa ng'ambo walicheka. Wagonjwa kwenye benchi la zahanati walicheka. Mwenyekiti mwenyewe alisimama ameduwaa, jalada limening'inia mkononi, kisha mabega yake makubwa yakaanza kutikisika, na kwa kweli nafikiri mji ule ulibadilika dakika ile, mtu mzima alipokubali kuchekwa mbele ya malori. Dereva wa gari la maji aliona kundi zima linacheka, akasimama aone kuna nini. Wote wakavuka.

Alipofika barazani, mwenyekiti hakuketi. Aliona kile kiatu kilichobapa, ambacho bibi alikuwa amekitundika kwenye msumari juu ya mlango. Alikishika, akakigeuza.

"Cha nani hiki?"

"Cha kwangu, baba. Mguu wenyewe huu hapa."

Alikirudisha kwenye msumari kwa uangalifu mno. "Mwandishi," alisema, "andika. Mistari, matuta mawili, vibao pande zote mbili. Kabla ya kikao kijacho. Anayepinga anyooshe mkono, kisha avuke arudi alikotoka." Hakuna mkono ulionyooshwa.

Mkandarasi alikuja, akamaliza upesi, akaleta fomu ya kukabidhi kazi. Ilihitaji neno moja la mwandishi, "kimekamilika". Neno rahisi, lenye sura nzuri, na zamani angeliandika bila kuinua kichwa. Safari hii alichukua futi ya fundi cherehani akaenda barabarani na mhandisi, akapiga magoti kwenye lami. Mchoro ulitaka tuta la sentimita kumi. Tuta lilikuwa na sita.

"Mama, hizo nne nani ataziona?" mkandarasi alimwambia.

"Lori litaziona."

Mkandarasi alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akila karanga. "Mwandishi amesemaje?" aliuliza. "Amesema bado." "Basi bado." Matuta yakaongezwa kimo, na futi ya shangazi ikarudi mara ya pili, na mara hiyo alitia sahihi. Habari za ofisi ya makaburi hazikusikika tena. Mwenyekiti siku hizi husoma muhtasari wote kabla ya kusaini, mstari kwa mstari, na wajumbe hulalamika kwamba chai inapoa.

Muhtasari wa kikao kilichofuata unasema, "Kivuko kimekamilika. Mama wa mwandishi alivuka Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, kwa miguu." Hakuna aliyeomba sentensi ya pili iondolewe.

Nilikuwepo pia Jumanne hiyo. Bibi alikataa kushikwa mkono. Alishuka ngazi, akasimama penye mstari wa kwanza mweupe, na lori lililokuwa likishuka mlimani likapanda tuta, likashuka, likasimama. Nyuma yake likasimama jingine, na jingine. Shangazi alikuwa amesimama karibu nami, mikono mitupu. Alikuwa ameacha kalamu nyumbani kwa makusudi. Bibi alifika katikati, pale pale, akasimama. Alirekebisha kitambaa cha kichwa. Alitazama upande wa mlimani, akatazama upande wa mjini, kama anayekagua.

Dereva wa lori la kwanza alitoa kichwa dirishani. "Bibi, vipi, umekwama?"

"Hapana, baba," bibi alisema. "Navuka."