Ukurasa wa Paka

Niseme mapema: nilimwonea paka wivu. Mtu mzima mimi, mke wa mtu, nikashindana na paka.

Mume wangu alikuwa amehamishiwa ofisi moja Bungoma, mimi nikabaki Kitale na ng'ombe wawili na huyo paka wake dume. Alikuwa akija Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Jumapili moja paka aliamka na jipu chini ya taya, ameumwa na mwenzake. Daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe, alilikamua, akaacha vidonge vya antibayotiki vya siku saba na masharti yake: kila jioni niandike paka amekula nini, uvimbe uko kiasi gani, usaha umekauka au la. Uvimbe usipopungua kufikia siku ya nne, angerudi kumdunga dawa nyingine.

Niliandika nyuma ya daftari la maziwa. Saa kumi na mbili jioni mume wangu akapiga simu, kama alivyofanya kila jioni wiki hiyo. Mtandao ulishika kando ya tangi la maji tu, kwa hiyo nilisimama pale kwenye baridi nikisoma. Ametema kidonge cha kwanza, cha pili nimekisaga nikachanganya na dagaa wa omena, akala. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama pua ya paka imekauka au ina unyevu. Kisha akasema nilale salama.

Mimi nilikuwa na jino linaloniuma. Tangu Jumatatu shavu lilikuwa limevimba, nikizungumza kwa upande mmoja wa mdomo, naye hakusikia tofauti. Sikumwambia. Nilitaka aulize mwenyewe. Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza pua yangu ikoje.

Siku ya nne uvimbe wa paka ulibaki kama punje ya mahindi. Niliandika: kama limau. Nikamsomea hivyo hivyo. Akasema kesho ataomba ruhusa kazini. Nilifurahi, kisha nikachukia kwamba kinachomleta nyumbani ni limau la paka.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana alifika na daktari. Nilikuwa nimejifunga leso kutoka kichwani hadi kidevuni. Alinipita mlangoni akimwita paka. Paka akaruka kutoka kwenye gunia la mahindi, akampanda begani, manyoya yanang'aa. Daktari alimpapasa taya mara mbili, akatazama daftari, akamtazama paka tena.

"Hapa imeandikwa limau," akasema, "lakini mimi sioni kitu ya kudunga."

Nilitazama sakafu. Kama angeitoa ile sindano ningemwacha paka adungwe bure, najua, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Daktari alisema vidonge viendelee hadi siku ya saba, akaenda zake.

Mume wangu aliketi na daftari akalisoma lote.

"Si paka amepona," akasema. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Nikafungua leso. Aliuliza ni tangu lini, nikamwambia tangu Jumatatu, na kwamba siku zote hizo nimekuwa nikimsomea habari za omena. Alitafuta kalamu, akafungua ukurasa uliofuata ule wa paka, akaniuliza nimekula nini leo.

"Uji," nikasema.

Akaandika. Paka alikuwa amelala mapajani mwake, na hakumshusha.