Mgeni Aliyeomba Miaka Arobaini

Mimi si mtu wa habari za vibwengo. Nimewahi kumtoa mwanafunzi darasani kwa kuleta kisa cha paka aliyesema, na akikileta tena leo nitamtoa tena. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika nyumba yangu ya orofa ya tatu huko Parklands, mke wangu akiwa jikoni, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Ukishamaliza, niite mwongo ukitaka. Hutakuwa wa kwanza.

Nafundisha dini, na nina duka dogo la vitabu katikati ya jiji. Tena nacheza sataranji. Najua wanazuoni wamehitilafiana juu ya mchezo huo, na hitilafu yenyewe nimeisoma kuliko wengi wanaonikemea. Sichezi kwa dau, wala siruhusu mchezo unipite na sala. Ndiyo maana nilichagua ule wa masafa, unaochezwa kwa simu: wasogeza kete moja, mwenzako aliye mbali anakujibu kwa wakati wake, na kila mmoja ana siku tatu za kufikiri kabla hajahesabiwa kuwa ameshindwa. Mimi nilijiwekea kanuni yangu. Hatua moja kwa siku, baada ya alasiri, basi. Je, hilo ni jambo kubwa kuomba?

Kumbe ni kubwa. Wafula, mtu wa magharibi anayekaa Mutuini na mwenye kibanda cha kuchapisha karatasi kando ya duka langu, ndiye aliyeniwekea mchezo huo kwenye simu, naye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu wa kwanza. Alikuwa ananijibu kabla sijashusha mkono, huku mkono wake wa pili ukimtolea mteja nakala za kitambulisho. Kisha anapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Mwalimu! Hiyo farasi yako umeiletea nyasi ikule kwanza? Sogeza!"

"Kesho, Wafula."

"Kesho? Mwalimu, hii si mchezo, hii ni kulea mimba!"

Alichoka kwenye hatua ya kumi. Nikampata wakili mmoja wa Lavington aliyekuwa akicheza tu anapokwama barabarani ndani ya gari lake. Jioni ya mvua ananijibu papo hapo na kunihimiza mara sita nisogeze, kisha ananyamaza hadi msongamano mwingine. Wengine walianza vizuri wakatoweka. Mtandao ukawa unaniandikia kwamba nimeshinda kwa sababu mwenzangu amepitwa na muda, lakini ushindi wa namna hiyo ni kama kula pilau ya harusi iliyovunjika. Miaka miwili ilipita hivyo. Michezo mingi niliianza, na sikuwahi kufika mwisho wa hata mmoja. Nilichokitamani, niamini, hakikuwa sifa. Nilitaka mtu mmoja wa mwendo wangu, tuanze pamoja na tumalize pamoja.

Ndipo akaja mtu aliyejiita Mkaazi.

Siku ya kwanza, nilipogeuza uso kushoto kumaliza sala ya alasiri, simu ilitikisika mfukoni. Hatua yake hiyo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mteja alinichelewesha kwa maswali ya mirathi, nikaswali nusu saa baadaye, na hatua nayo ikaja nusu saa baadaye, papo hapo nilipotoa salamu. Hapo ndipo mwenye akili angejiuliza: huyu ananionaje? Mimi, msomi, nilishukuru. Nikasema nimempata muungwana anayejali nyakati.

Tulikwenda hivyo mwezi mzima. Kufikia hatua ya thelathini na moja nilikuwa nimembana. Waziri wangu na ngome yangu walikuwa wamemlenga mfalme wake, na kwa hesabu zangu zilibaki hatua nne au tano. Alinitumia ujumbe: "Mwalimu, mkono wako mzito." Nami, kwa furaha na kwa mazoea yetu watu wa pwani, nikamjibu kama ambavyo ningemjibu yeyote: "Karibu nyumbani siku moja, tule alichojaalia Mungu."

Akaandika neno moja: "Nimekaribia."

Mke wangu alipopata habari aliweka mikono kiunoni. "Umemkaribisha nani?"

"Mtu wa sataranji."

"Mtoto wa nani? Kwao wapi?"

"Mama Salma, ni maneno ya adabu tu. Hata nyumba sikumwelekeza."

"Haya. Maneno ya adabu ndiyo yaliyomleta shangazi yako akakaa miezi minne."

Ijumaa ya wiki ile nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka msikitini, kanzu ingali mwilini, niliposikia mlango ukibishwa mara tatu, taratibu.

"Hodi, wenyewe."

Kwetu, mlinzi wa lango hupiga simu kabla mgeni hajapanda. Siku hiyo hakupiga. Nilifungua, na mbele yangu akasimama mtu wa makamo, au kijana aliyetangulia kupata utulivu wa makamo. Sikuweza kuamua, na hadi leo sijaamua. Kanzu yake ilikuwa safi, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na macho yake mekundu kama ya mtu aliyekesha.

"Mimi Mkaazi," akasema. "Uliniita."

Ungefanya nini wewe? Nilimkaribisha ndani. Mke wangu, ambaye alilelewa na bibi yake na kwa hiyo anajua pa kuanzia, alimchungulia miguu kutoka nyuma ya pazia. Hazikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu ndani ya soksi za kijivu, ya kushoto imetoboka kwenye kidole gumba. Nilimsikia akishusha pumzi, na punde sinia ya pilau ya mbuzi ikatufikia.

Tulitaja jina la Mungu tukala. Adabu yetu haimruhusu mwenyeji kumkodolea mgeni macho akiwa anakula, kwa hiyo nilitazama upande wangu wa sinia na kuzungumza juu ya ufunguzi wa michezo. Yeye aliitikia kwa furaha, akiusifu mkono wa mpishi. Tulipomaliza nilirudisha sinia jikoni. Sijageuka bado, mke wangu akanishika mkono.

"Baba Salma. Hebu tazama."

Upande wa mgeni, nyama yote ilikuwa imepangwa pembeni mwa sinia, haikuguswa.

"Labda hali nyama," nikasema.

"Mifupa iko wapi?"

Nikatazama. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Hata ile niliyoiguguna mimi nikaiweka kando haikuwepo.

"Pengine ameitia mfukoni."

"Mfukoni! Mguu mzima wa mbuzi, na kanzu nyeupe vile?"

Hapo nikakumbuka somo langu mwenyewe. Kwa miaka ishirini nimewafundisha watoto kwamba mifupa iliyotajiwa jina la Mungu ni riziki ya ndugu zetu majini. Nilikuwa nikilifundisha somo hilo kama mtu anavyofundisha jiografia ya nchi asiyotarajia kufika.

"Rudi ukamwulize ana haja gani," mke wangu akaninong'oneza. "Na atakachotaka mpe, isipokuwa mimi na Salma."

Nilirudi. Mgeni alikuwa akitabasamu.

"Mkeo ana macho mazuri," akasema. "Mwambie asiogope. Leo nimeswali Ijumaa safu ya nyuma yako. Nimekuja na ombi moja tu, Mwalimu. Naomba muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kufikiri. Mfalme wangu amebanwa, wajua mwenyewe. Iko njia ya kumtoa. Nainusa, ila sijaiona."

"Mtandao unakupa siku tatu."

Akacheka hadi akashika ubavu. "Siku tatu! Siku tatu mimi bado natafuta pa kukaa."

"Basi wataka muda gani?"

"Si mwingi. Miaka arobaini."

Jikoni kitu kilianguka, nadhani ni kifuniko cha sufuria.

Akanieleza, na nakupa maneno yake kama nilivyoyasikia. "Nimecheza na watu wa mji huu tangu ukiwa kinamasi. Tatizo lenu, ndugu yangu, mnafia katikati. Nilikuwa na mchezo mtamu na fundi mmoja wa reli. Ninarudi na hatua yangu ya tano, naambiwa alishazikwa, na watoto wake wamezeeka. Nikasema, basi, nijifunze mwendo wao. Nikakuona wewe, mtu mtulivu. Siku moja, hatua moja! Mwalimu, umenikimbiza. Mwezi mzima sijafumba jicho."

"Mimi? Mimi nimekukimbiza?"

"Kama mbwa na sungura."

Hebu fikiria. Mimi ambaye nimeandika makala juu ya balaa la haraka, mimi ninayewakemea vijana kwa kula wakiwa wamesimama, nimeketi sebuleni kwangu naambiwa kwamba nimemnyima mtu usingizi kwa mbio zangu. Na macho yake mekundu yalikuwa shahidi.

"Ukikataa sitakulaumu," akaendelea. "Kanuni ni kanuni. Alasiri ya leo nitacheza, na siku chache zijazo nitashindwa. Sitatoroka kama wale wengine. Utapata kile unachokitafuta, mchezo uliokwisha."

Sitakuficha. Nilikitamani. Miaka miwili nilikuwa nimekingoja, na sasa kilikuwa kimewekwa mbele yangu, halali, bila hila. Neno moja tu, "Cheza," na mchezo ungekwisha. Lakini ningekuwa nimemmaliza nani? Mtu aliyekula kwangu, aliyenitafuta kwa sababu ileile iliyonifanya mimi nimtafute yeye.

"Mpe, Baba Salma!" ikaja sauti nyuma ya pazia.

"Ahsante, shemeji," akasema mgeni.

"Arobaini siwezi," nikamwambia. "Mimi nina hamsini na miwili."

Akanitazama, akahesabu kwa vidole, uso ukamwanguka. "Ah. Nilikuwa nimesahau. Ishirini?"

"Mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja! Mwalimu, mwaka mmoja ni kupiga chafya!"

"Miwili, Baba Salma, usiwe mgumu!"

"Mwaka mmoja kwa kila hatua," nikasema, "kwako na kwangu, sawasawa. Zaidi ya hapo nitakufia katikati kama fundi wa reli."

Alifikiri, kisha akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na joto kama kikombe cha chai. Tukakubaliana kuandika sare kwenye simu ili mtandao usituingilie, na kete zetu tukazipanga kama zilivyokuwa juu ya ubao ambao binti yetu Salma aliuacha alipoenda chuo kikuu. Akaniaga kwa adabu. Nilimsindikiza hadi ngazini, nikageuka kuvuta mlango, na nilipotazama tena ngazi zilikuwa tupu. Chini, mlinzi aliniapia kwamba tangu saa sita hakumwandika mgeni yeyote kitabuni.

Jumatatu nilimsimulia Wafula. Alisimamisha mashine yake, jambo la nadra.

"Jini anacheza na simu? Mwalimu, na bando ananunua wapi?"

Hilo nilisahau kumwuliza mgeni.

Mke wangu aliufunika ubao kwa kitambaa, na tukangoja. Miezi ya mwanzo niliwashwa. Nilifunua kitambaa kila alasiri kama mtu anayechungulia ugali kama umeiva. Kisha, sijui ni lini, muwasho ukaisha. Kuna mtoto mmoja katika darasa langu ambaye huchukua muda mrefu mno kukumbuka aya. Zamani nilikuwa namkatiza na kumpa mwenzake. Mwaka ule nikaanza kumngoja. Huzikumbuka zote, kumbe, tena bila kosa.

Ijumaa moja, siku tisa kabla ya mwaka kutimia, tulirudi nyumbani tukakuta kitambaa kimekunjwa mara nne, kwa ukunjaji ambao hakuna yeyote kwetu anayeujua. Farasi wake alikuwa amesogea. Simu ikatikisika: "Nisamehe kwa haraka. Niliiona mapema."

Niliketi chini. Farasi yule hakumwokoa mfalme tu, bali alimshika waziri wangu na ngome yangu kwa pamoja. Katika maisha yangu sijaona hatua nzuri kama ile. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza nimepatwa na nini. Nilikuwa nimepatwa na kushindwa, au karibu yake, na sijawahi kufurahi vile.

Sasa zamu ni yangu. Wafula ananishauri niipige picha nafasi ile, niipe mashine inifikirie. "Dakika moja tu, Mwalimu, inakupea jibu." Nimemkatalia. Mtu aliyekula sinia moja nami siwezi kumjibu kwa akili ya kuazima. Nimeandika pia katika wasia wangu jinsi kete zilivyokaa na zamu ni ya nani, na Salma ameahidi, akicheka, kuendelea nisipowahi.

Basi wewe unayesoma haya, chukua onyo la mtu mkavu asiyependa maskhara. Unapolalamika kwamba dunia imekosa watu wa mwendo wako, jihadhari, maana huenda yupo anayekufuata nyuma akihema, naye ana haya ya kukuambia upunguze. Na usitamke "karibu" kwa mdomo mtupu, kwa kuwa wapo wanaolipokea neno hilo kama lilivyo. Mimi sijutii. Nimebakiwa na miezi saba ya kufikiria hatua moja tu, na nakwambia kweli, naona haitanitosha.